Mchoro wa Tanuri la Chokaa na Majaji Wasioufungulia Jalada

Pieter van Laer, Mholanzi wa karne ya 17, alijipatia jina mjini Roma kwa kuchora makabwela wakati wenzake wakichora watakatifu na wafalme. Mchoro wake mmoja unaonyesha watu kando ya tanuri la kuchomea chokaa, shughuli ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Picha hiyo ya walalahoi ndiyo iliyokuja kupeleka nchi mbili mahakamani.

Tangu karne ya 18 ilikuwa mali ya ukoo wa Liechtenstein, na ilikaa katika kasri lao la Valtice, Moravia. Tarehe 21 Juni 1945, Rais Edvard Beneš wa Chekoslovakia alisaini Amri Namba 12, iliyotaifisha mashamba ya Wajerumani, Wahungaria na waliohesabiwa wasaliti. Mkuu wa ukoo, Franz Josef II, alikuwa mtawala wa Liechtenstein, nchi huru ambayo haikushiriki vita. Haikumsaidia. Alihesabiwa Mjerumani, na mwaka 1951 mahakama ya Bratislava ikaitupa rufaa yake. Makasri yakaenda pamoja na vilivyomo, na ardhi iliyopotea ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko Liechtenstein yenyewe, yenye kilomita za mraba 160 tu.

Wacheki nao wana kumbukumbu yao. Tarehe 21 Juni 1621, Karl wa Liechtenstein alisimamia kunyongwa na kukatwa vichwa kwa viongozi 27 wa uasi dhidi ya mfalme, katika uwanja wa mji mkongwe wa Prague, kisha akatajirika kwa mashamba yaliyonyang'anywa waasi. Kwa hiyo mnyang'anywa wa 1945 alitoka katika ukoo wa wanyang'anyi, ingawa sioni jinsi hilo linavyohalalisha kumwita mtu Mjerumani ili apokonywe picha.

Mwaka 1991 mamlaka ya hifadhi ya Brno iliuazimisha mchoro huo kwa jumba la makumbusho la Wallraf-Richartz, Cologne. Hans-Adam II, mwana wa Franz Josef, akawahi mahakamani, na mchoro ukashikiliwa na dalali wa mahakama. Ukakaa hapo miaka. Mahakama za Ujerumani, ngazi kwa ngazi hadi ile ya Katiba mwezi Januari 1998, zilitoa jibu moja: mkataba uliosainiwa na madola yaliyoshinda vita unawakataza majaji wa Ujerumani kusikiliza madai juu ya mali za Wajerumani zilizotaifishwa ng'ambo kwa sababu ya vita. Juni mwaka huo mchoro ukarudishwa kwa Wacheki.

Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilisema haki za Hans-Adam hazikuvunjwa. Mwaka huohuo Liechtenstein iliishtaki Ujerumani mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Februari 2005, majaji 12 dhidi ya 4 waliamua kwamba chanzo cha mgogoro kilitangulia mwaka 1980, ulipoanza kuzibana nchi hizo mbili mkataba uliotegemewa kuwapa mamlaka, na shauri likaishia mlangoni. Katika safari yote hiyo, hakuna jaji wa Cologne, Strasbourg wala The Hague aliyeamua mchoro ni wa nani.

Liechtenstein na Czechia zilianzisha uhusiano wa kibalozi mwaka 2009. Mwaka 2020 Liechtenstein ilikwenda Strasbourg, safari hii ikiishtaki Czechia yenyewe.