Mahaba hayakuja na televisheni

Leo mada ni ya kikubwa kidogo, ila ni historia, kwa hiyo msinikimbie. Hapa chuoni utasikia watu wakisema ashiki kwenye sanaa imeletwa na Wazungu na televisheni, eti bibi zetu hawakuyajua hayo. Jamani, si kweli.

Chukua Utenzi wa Mwana Kupona. Mama huyu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake. Anaanza na dini na adabu, kisha anaingia chumbani bila kigugumizi: hina, wanja, vikuku, manukato, mpaka namna ya kumpapasa mume alalapo. Hakuna neno chafu hata moja, lakini mwenye kuelewa anaelewa. Na hadi leo ni fasihi ya heshima.

Unguja nako kulikuwa na darasa lake, unyago. Asili yake ni bara, na wengi waliouleta visiwani walikuja kama watumwa. Mwari akishavunja ungo anawekwa ndani, anafundwa na somo wake kwa ngoma ya msondo, nyimbo za mafumbo na viuno. Wanaume marufuku! Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa kungwi maarufu kabla dunia haijamjua kama mwimbaji wa taarabu, na baadaye alizipiga ngoma hizo hata jukwaani.

Tofauti ninayoiona mie ni hii: kwa Mwana Kupona, binti anafundishwa kumridhisha mume. Kwenye unyago, wanawake wanaongelea miili yao wenyewe na raha zao wenyewe, tena wanacheka.

Basi kinachotenganisha ashiki na uchafu si kiuno. Ni nani anaambiwa, wapi, na kwa lengo gani. Kiuno kilekile kikiwekwa kwenye video bila somo wa kukieleza, kinabaki kiuno tu.

Sisi wa ualimu kesho tutasimama mbele ya watoto ambao wengi hawana kungwi ila simu wanazo. Tukinyamaza kwa kisingizio cha mila, tukumbuke mila yenyewe haikunyamaza.

Nyie mwasemaje? Karibuni tubishane.