Mipango ya Kanda za Miji Iliyoungana: Bonde la Kilombero

Mipango ya kanda za miji ni ile tadbiri ambayo kwayo serikali, au mamlaka kadhaa kwa shauri moja, huziangalia barabara, reli, maji, umeme na ardhi ya miji mingi iliyokwisha kufungamana kwa biashara na kwa safari za watu, zikaipangia yote kwa pamoja, badala ya kila halmashauri kujifungia ndani ya mipaka yake na kupima viwanja vyake peke yake. Elimu hii kwa sura yake ya leo ni ya karne ya 20. Patrick Geddes, mtaalamu wa Uskoti, alieleza mwaka 1915 jinsi miji ya viwanda ya Uingereza ilivyokuwa ikipanuka hata ikagusana, na mwaka 1961 Mfaransa Jean Gottmann akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya mfululizo wa miji ya pwani ya mashariki ya Marekani, toka Boston hata Washington. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya iliunda mwaka 2008 wizara mahsusi ya jiji la Nairobi na viunga vyake, ikaifuta baada ya miaka michache. Na Tanzania, kwa reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, imezisogeza karibu Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma kiasi ambacho mtu huweza kwenda kwa shughuli na kurudi siku ile ile.

Bonde la Kilombero, lililo baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, halina jiji hata moja. Hata hivyo lina mlolongo wa miji midogo, Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba kwa upande mmoja wa mto Kilombero, Lupiro, Mahenge na Malinyi kwa upande wa pili, ambayo imeungana yenyewe kwa yenyewe na ambayo imeungwa na majiji ya mbali kwa chuma, kwa waya na kwa maji. Ni nadra kupata mahali palipopangwa mara nyingi hivi, na aghalabu waliopanga walikuwa wakitazama mahitaji ya mahali pengine.

Mwaka 1929 pekee ulitoa taarifa mbili: ya Alexander Telford juu ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero, na ya Clement Gillman, mhandisi wa reli, juu ya njia ya kuifungua kusini-magharibi ya Tanganyika. Reli ile haikujengwa. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilipima bonde zima la Rufiji pamoja na matawi yake, na mwaka 1975 ikaundwa kwa sheria Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Rufiji, ambayo imekwisha kuvunjwa. Baina ya hayo ulikuja Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, ulioteua miji tisa iwe vituo vya kueneza viwanda nje ya Dar es Salaam. Morogoro ilikuwamo, Ifakara haikuwamo. Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 iliziondoa halmashauri na kuupa mkoa kazi ya kupanga, hata zikarejeshwa katika muongo uliofuata. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa ushoroba wa kilimo wa kusini, SAGCOT, uliolihesabu Kilombero kuwa kongani mojawapo kati ya sita. Msomaji atakayezisoma tadbiri hizi kwa mfuatano atastaajabu jinsi kila moja inavyoanza upya, kana kwamba bonde limegunduliwa jana.

Lililolibadili bonde hasa ni jambo ambalo halikuitwa mpango wa kanda asilani, nalo ni reli ya TAZARA. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1967, kazi ilianza 1970, na mwaka 1976 njia yenye urefu wa kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia. Kusudi lake lilikuwa la kisiasa, kuitoa shaba ya Zambia pasipo kupita katika nchi za walowezi. Bali kwa kuwa iliingia Kilombero kupitia Kidatu na kuufuata ukingo wa Udzungwa mpaka Mlimba, na kwa kuwa zama zile zilikuwa za kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, vijiji vingi viliwekwa kandokando yake, navyo vikakua kuwa miji midogo ya leo. Treni ya kawaida, ile isimamayo kila kituo, ikawa soko linalotembea: ndizi, mchele na samaki wakavu hupandishwa kwa madirisha, na mama mwenye tenga lake katika kituo cha Mbingu anajua bei ya Mlimba kabla hajafika. Kidatu pana ajabu nyingine. Reli ndogo iliyoshuka kutoka Kilosa katika miaka ya 1960 ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina milimita 1,067. Kwa tofauti hiyo isiyofika upana wa kiganja, mabehewa hayawezi kupita kutoka njia moja kwenda nyingine, na shehena haina budi kupakuliwa na kupakiwa tena.

Hapo hapo Kidatu ndipo mtu anapoweza kuona kwa macho yake matatizo ya mipaka. Mto Ruaha Mkuu ndio unaotenga wilaya za Kilombero na Kilosa, na kampuni ya sukari, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina kiwanda kimoja Msolwa, upande huu, na kingine Ruembe, upande ule. Mkata miwa aweza kulala wilaya moja na kufanya kazi wilaya ya pili, mwanawe akasoma ng'ambo moja na kutibiwa ng'ambo nyingine, na hakuna halmashauri hata moja inayomhesabu mtu huyo mzima mzima. Bwawa la Kidatu lenye mitambo ya megawati 204, na lile la Kihansi la megawati 180, yamepeleka umeme katika gridi ya taifa tangu miaka ya 1970 kwa lile la kwanza na tangu mwaka 2000 hivi kwa la pili, ilhali vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya zile vilikaa miaka mingi vikiwasha vibatari. Sisemi kuwa umeme ule usingepelekwa Dar es Salaam. Nasema tu kwamba kanda huunganishwa kwa nyaya zinazoshuka pia, si kwa zinazopita juu peke yake.

Ifakara yenyewe ni mji tambarare wa baiskeli na mpunga. Inajulikana kwa Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy ya mwaka 1957, na ambayo tangu 1996 imekuwa ikiziandikisha kaya za sehemu za wilaya za Kilombero na Ulanga, vizazi, vifo na kuhama, ziara baada ya ziara. Daftari hizo za watafiti wa malaria zinafaa kusomwa na wapimaji ramani, maana watu wa hapa wana makao mawili. Mvua zikianza familia huhamia mashambani, mara nyingi ng'ambo ya mto, wakakaa katika dungu wakiulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mwitu hadi mavuno, na nyumba ya mjini ikabaki na bibi na wanafunzi. Mpango kabambe unaotia kila mtu alama moja juu ya ramani utakosea hesabu ya maji, ya madarasa na ya vyandarua kwa miezi kadhaa ya kila mwaka.

Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko mpaka lilipojengwa daraja lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Ulanga na Malinyi, iliyotengwa na Ulanga kuwa wilaya mwaka 2015, zikawa karibu na Ifakara kuliko wakati wowote, na katika miaka hiyo hiyo Ifakara ikapewa halmashauri yake ya mji. Hivyo daraja lilikuwa likiunganisha, na mgawanyo wa halmashauri ukitenga.

Maji ndiyo yanayokataa kabisa kugawanywa. Kilombero hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na sehemu yake ya ardhioevu, takriban kilomita za mraba 8,000, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Operesheni ya mwaka 2012 ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao ilifanywa kwa hoja ya kuinusuru ardhi hiyo, nayo iliacha uchungu ambao haujapoa. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, hulitegemea bonde hili: kila mkulima anayezibua mfereji Mngeta na kila kijiji kinachofyeka msitu wa mlimani kimekuwa, kwa kujua au kwa kutojua, mshirika katika taa za Mwanza. Sheria mbili za mwaka 2007, ya Mipango Miji na ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, zinaruhusu kupanga mji na kijiji, kila kimoja kwa utaratibu wake. Bonde zima, pamoja na miji yake na mashamba yake na mto wake, halikupewa mamlaka yake lenyewe katika sheria hizo.

Barabara ya Ifakara, Lupiro, Malinyi, Londo hata Lumecha karibu na Songea, itakapokamilika kwa lami, itaifanya Ifakara iwe katikati ya njia badala ya kuwa mwisho wake. Malori yatataka maegesho, mashine za kukobolea zitataka maghala, na stendi itataka nafasi, katika mji ambao mto Lumemo huufurikia mara kwa mara na ambao ardhi yake kavu ni haba.