Friza, nyama ya Iddi na ile miezi mitatu ya giza



Juzi biharusi mtarajiwa aliniuliza, akianza nyumba anunue nini kwanza, friza au mashine ya kufulia. Nikamjibu palepale: friza. Halafu usiku nikawa nalifikiria jibu langu. Bibi yangu mzaa mama aliingia kwake na kitanda, mikeka, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu na kawa za kufunikia chakula. Friza hakulijua mpaka uzeeni. Na wageni walikuja, Ramadhani zilifungwa, Iddi zilichinjwa, hakuna aliyelala na njaa mtaani kwake kwa kukosa mahali pa kuweka kitoweo. Ilikuwaje? Ndiyo nikaanza kuuliza wakubwa na kufungua vitabu, na leo nawaletea niliyoyapata, maana haya mambo ya friza yana historia ndefu kuliko tunavyodhani, na imepita Madina kabla ya kufika Unguja.

Tuanze na jikoni kwa bibi. Ukiangalia vizuri utaona chakula cha pwani kimegawika mafungu mawili: kinacholala na kisicholala. Vya kulala walikuwa navyo vingi. Samaki alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani akawa ng'onda. Pweza alikaushwa vivyo hivyo. Papa mkavu alikuja na majahazi ya Waarabu pamoja na tende, yakisukumwa na upepo wa kaskazi, na mkungu mmoja wa papa ungekaa ndani miezi. Embe na ndimu zikawa achari. Maziwa yakawa samli. Halua, visheti na vileja vilikaa kwenye mikebe bila wasiwasi. Muhogo ndio usiseme, ghala lake ni ardhi yenyewe. Ulichimbwa wa siku ile, uliobaki ukaachwa shambani mpaka utakapohitajika. Na chakula cha leo kilichobaki kilitundikwa kwenye susu darini, paka asifike wala sisimizi, kesho asubuhi kikapashwa kikawa kiporo.

Lakini kuna kitu hakilali hata ukifanyeje, nacho ni tui. Mchuzi wa nazi ukiulaza kwenye joto letu, alfajiri umechacha. Na nyinyi mnajua, ukitoa nazi kwenye mapishi ya Unguja inabaki nini? Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu, maharage, ndizi, muhogo wenyewe. Maana yake sehemu kubwa ya chakula kizuri ilikuwa lazima iliwe siku hiyohiyo. Mpishi aliyepika kingi hakuwa na pa kukiweka isipokuwa kwa jirani. Jioni ungeona watoto wanapishana vichochoroni na bakuli zilizofunikwa kawa, na bakuli hairudi tupu, itarudi na japo ndimu mbili. Sisemi watu wa zamani walikuwa malaika. Nasema tui liliwasaidia kuwa wakarimu.

Na manunuzi nayo yalikuwa ya kila siku. Soko la Darajani limejengwa 1904, na kwa miaka mingi desturi ya mjini ilikuwa mwanamme ndiye anayekwenda asubuhi na kikapu, akirudi ndipo mwanamke anajua atapika nini. (Mama zetu wanasema friza ndilo lililowapa amri ya kujua wiki nzima watapika nini. Kwa hilo peke yake mimi nalishukuru.)

Sasa twende Madina, kwa sababu suala la kuweka nyama halikuanza na umeme. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba mwaka mmoja, wakati wa Iddi ya kuchinja, waliingia Madina watu masikini wa majangwani. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaamuru watu waweke nyama ya siku tatu tu na kilichobaki wakitoe sadaka. Mwaka uliofuata watu wakaja na dukuduku lao: walizoea kuyeyusha mafuta ya wanyama wao wakayaweka, na ngozi zao kuzifanya viriba, sasa je? Akawaeleza kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale waliofika mwaka ule na shida yao. Sasa wale, waweke akiba na watoe sadaka.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi tangu utotoni na kila mara niliishia kwenye ruhusa: alhamdulillah, tunaweza kuweka. Safari hii nimeisoma nikiwa nimesimama mbele ya friza langu na nimeona kitu kingine. Katazo lilikuja kwa sababu ya mtu aliye mlangoni, na ruhusa ikaja ile shida ilipoondoka. Nyama yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni nani yuko nje ya nyumba na ana hali gani.

Na walikuwa na njia za kuweka. Siku tatu zinazofuata Iddi, tarehe 11, 12 na 13 Mfunguo Tatu, tunaziita siku za Tashriiq, na moja ya maelezo ya wanazuoni juu ya jina hilo ni kwamba watu walikata nyama vipande virefu wakaianika juani. Thawban amepokea kwamba Mtume alichinja safarini, akamwambia aitengeneze ile nyama, na akaendelea kumlisha mpaka walipofika Madina. Hiyo ni nyama iliyohifadhiwa, tena ya safarini.

Friza lenyewe lina kisa kifupi. Mmarekani aitwaye Clarence Birdseye alikaa Labrador, huko Kanada kaskazini, kabla na mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliwaona wenyeji Wainuiti wakivua samaki kwenye barafu, samaki akaganda papo hapo kwa ukali wa baridi na upepo, na miezi baadaye akiyeyushwa ana ladha kama aliyetoka majini. Siri ni kasi. Kitu kikiganda polepole, maji yaliyo ndani yake yanafanya chembe kubwa za barafu zinazopasua nyama, ndiyo maana ukiiyeyusha inatoa maji na kuwa kama sufi. Kikiganda haraka chembe zinakuwa ndogo. Birdseye akatengeneza mashine, na Machi 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa vikaanza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts. Baada ya Vita vya Pili friza likaingia majumbani kwao. Kwa hiyo, biharusi wangu, unapofungasha samaki, fungasha pakiti nyembamba zilizolala bapa, sio fungu la kilo tatu mfuko mmoja.

Kwetu umeme ulianza mapema, ila kwa wakubwa. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, iliyojengwa 1883, ndiyo iliyotangulia kuwaka taa za umeme Unguja. Kutoka hapo mpaka friza la mtu wa kawaida ni safari ndefu. Mwaka 1980 ukavutwa waya chini ya bahari kutoka bara, Ras Kiromoni mpaka Fumba, wa megawati 45, na baadaye umeme ukaanza kusambaa mashamba, kijiji kwa kijiji. Lakini miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 watu walikuwa kwenye foleni za mchele, sukari na unga. Friza ungelitia nini? Ilipofunguliwa milango ya biashara katikati ya miaka ya 1980 ndipo mizigo ya Dubai ilipoanza kushuka bandarini: redio, majiko, mafriji, mengi yakiwa yametumika. Kina mama waliopata friza mapema walijua la kufanya. Waliuza barafu, malai za ubuyu na ukwaju, maji baridi wakati wa kufuturu. Wako watoto mjini waliosomeshwa kwa malai, na wengine wananisoma hapa.

Hivyo tukazoea. Bibi alinung'unika kwamba nyama ya friza haina ladha, lakini na yeye mwisho akawa anauliza, "Mumenitilia mfuko wangu wa nazi?" Susu ikashushwa. Sijui ilitupwa wapi.

Halafu ukaja mwaka 2008. Mei umeme ulikatika Unguja nzima, ukakaa karibu mwezi. Tukasema imepita. Mwaka uliofuata Iddi ya Mfunguo Tatu ilikuwa Ijumaa ya tarehe 27 Novemba. Tulichinja, tukagawa mafungu kama sunna, na fungu la nyumbani likaingia kwenye friza kama ilivyo ada. Tarehe 10 Disemba 2009, siku kumi na tatu baadaye, umeme ukakatika tena Unguja yote. Safari hii haukurudi mpaka Machi 2010.

Siku ya kwanza mama alikataza mtu kugusa mfuniko. Alikuwa sawa: friza lililojaa na lisilofunguliwa huhimili kiasi cha saa 48, lililojaa nusu kiasi cha saa 24. Maana baridi haiui vijidudu, huvilaza tu, na joto likirudi navyo vinaamka. Tulikuwa tukisubiri umeme kila jioni, kila anayetoka msikitini ana habari yake: kesho, kesho kutwa. Siku ya pili alasiri mama akafungua. Juu ilikuwa bado ngumu, pembeni inaanza kulegea. Akamwangalia bibi. Bibi akasema, "Nipeni kisu na chumvi."

Nakumbuka uani kulivyokuwa. Bibi alikaa kwenye kibao akikata nyama vipande virefu vyembamba, akivitia chumvi na ndimu, na sisi tunavitundika kwenye kamba ya nguo tukifukuza nzi kwa zamu. Sufuria mbili za pilau jikoni. Mama akajaza bakuli, tukatumwa kwa majirani, na kila tulikobisha hodi tulikuta na wao wanapika, na wao wana bakuli wametayarisha kutuletea! Bakuli zikapishana njiani, nyama kwa nyama. Mwisho mama alicheka akasema, jamani, nani hapa mtaani hana friza? Hapo ndipo tulipomkumbuka bibi mmoja mwisho wa kichochoro, mjane na wajukuu wake wanne, aliyekuwa akikaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Iddi alikuwa amepata fungu lake kama wengine, kilo moja au pungufu. Sisi tulikuwa na kilo kumi na kitu zimeganda ndani wiki mbili nzima.

Mama hakusema neno. Alichukua bakuli kubwa akaipeleka mwenyewe, hakututuma.

Ilikuwa siku ya pili, inaelekea ya tatu. Sikuijua hadithi ya siku tatu vizuri wakati huo. Sasa nikiisoma hunijia harufu ya lile pilau.

Miezi iliyofuata tulirudi kuishi kama bibi. Mjini majenereta yalinguruma usiku kwa wenye uwezo, maji nayo yakawa shida kwa sababu pampu zinataka umeme. Kikapu kilikwenda sokoni kila asubuhi, cha kutosha siku moja. Friza letu mama aliliosha, akaliacha wazi likauke, kisha akaligeuza kabati la unga na mchele. Pemba hawakuwa wakitegemea waya ule, wao walikuwa na mitambo yao mpaka mwaka huo 2010 walipounganishwa kutoka Tanga. Unguja tulipata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013.

Msinifahamu vibaya, sipigi vita friza. Kuna mahali friza ndilo lililomfikishia masikini haki yake. Mina, wakati wa Hija, wanachinjwa wanyama maelfu kwa maelfu ndani ya siku chache, na zamani nyama nyingi iliharibika pale pale kwa sababu hakuna wa kuila yote. Mwaka 1983 Saudia ilianzisha mradi maalumu, ukaendeshwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, wa kuchinja kwa utaratibu, kugandisha nyama na kuipeleka kwa masikini wa Haram na wa nchi nyingi za Asia na Afrika. Nyama ya mahujaji ikawa inasafiri kwa meli. Kitu kilekile kinachotuwezesha sisi kuificha kinawawezesha wao kuifikisha mbali.

Nyumbani kwetu mama alibaki na tabia moja tangu wakati ule. Nyama ya Iddi ikiingia friza, mifuko mingine huifunga kwa uzi mwekundu. Hiyo si yetu. Akisikia mtu kajifungua, kafiwa au mume kaachishwa kazi, unatolewa uzi mwekundu. Shaabani tukikaa kukunja sambusa na katlesi za mwezi mzima, zipo za uzi mwekundu pia, na kabla ya Ramadhani kufika kumi la mwisho ziwe zimekwisha, ni sheria yake. Abu Dharr aliusiwa na Mtume akipika mchuzi azidishe maji awakumbuke majirani. Mama anasema yeye ameongeza uzi tu.

Nilimwandikia yote haya yule biharusi, kwa kirefu, nikamshauri asinunue friza kubwa mno mwanzoni. Akanijibu usiku uleule kwamba bwana harusi ameshalipia, la lita mia tatu, na duka halirudishi pesa. Nimemnunulia bunda la uzi.