Ducati 999: Pikipiki Iliyopondwa Kisa Sura, Ikabeba Ubingwa wa Dunia Mara 3

Julai 2024 Ducati walipozindua Panigale V4 mpya, ungedhani ishu ingekuwa injini ya cc 1103 na nguvu za farasi 216. Wapi! Macho ya wengi yalikimbilia gurudumu la nyuma. Ule mkono mmoja unaoshika gurudumu kwa upande mmoja na kuacha rimu nzima wazi upande wa pili ulikuwa umeondoka. Mahali pake ikaja mikono miwili, kushoto na kulia, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi tu. Waendeshaji wakagawanyika hapo hapo. Wapo walioona Ducati imepoteza sura yake, na wapo waliosema mtu aipande kwanza ndio aongee. Wakongwe walikumbuka namba moja tu: 999.

Kwa waliozaliwa juzi, hii stori ni tamu na ina funzo lake.

Tuanzie Milano, mwishoni mwa 1993. Kwenye maonyesho ya pikipiki ya mji huo, Ducati waliweka jukwaani chuma kinachoitwa 916. Aliyeichora ni Massimo Tamburini, Mtaliano ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waanzilishi watatu wa Bimota (ile "ta" ya mwisho ni yake). Taa mbili nyembamba mbele kama macho yaliyokunjwa kwa hasira, mabomba mawili ya moshi yakitokea chini ya siti, na mkono mmoja nyuma. Watu walichizika. Mwaka 1998 pikipiki hiyo iliwekwa kwenye maonyesho ya sanaa ya pikipiki katika jumba la Guggenheim, New York. Pikipiki kuwekwa kwenye jumba la sanaa si mchezo.

Na haikuwa sura tupu. Kwenye mashindano ya dunia ya Superbike, Carl Fogarty wa Uingereza alitwaa ubingwa 1994 na 1995, Troy Corser wa Australia 1996, Fogarty tena 1998 na 1999, kisha Troy Bayliss, naye wa Australia, 2001. Mataji 6 kwa ukoo mmoja wa pikipiki, kuanzia 916 hadi 996.

Lakini kizuri hakikosi ila. Ukiipanda 916 unalala juu ya tangi, uzito wako wote unabebwa na viganja. Joto la mabomba linapanda hadi kwenye siti. Foleni ya mjini inageuka adhabu. Wenye nazo walijua hayo yote na walivumilia, maana ukishuka na kugeuka kuitazama, maumivu yanaisha. Uzuri una bei yake, na wao walikubali kuilipa.

Sasa basi, ingekuwa wewe, ungekubali kazi ya kuchora mrithi wa pikipiki ya namna hiyo?

Aliyepewa mzigo huo ni Pierre Terblanche, mbunifu kutoka Afrika Kusini. Hakuwa mgeni wala mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyechora MH900e, ile iliyoanza kuuzwa kwa intaneti tarehe 1 Januari 2000, wakati watu wengi walikuwa bado hawajanunua hata kitabu mtandaoni. Mamia ya oda zilijaa ndani ya muda usiofika saa moja. Kwa hiyo jamaa alikuwa na jina, na wapenzi wa Ducati walikuwa wanamkubali.

Mwaka 2002 kazi yake ikatoka hadharani: Ducati 999. Badala ya kuinakili 916, aliamua kutibu vidonda vyake. Kwenye toleo la siti moja, siti na tangi viliweza kusogezwa mbele au nyuma, na vikanyagio vikapangwa kwa nafasi 5, ili mrefu na mfupi wote wakae vizuri. Nyaya za umeme zikapunguzwa, vipande vya kuunganisha vikapunguzwa, fundi akapumua. Injini ilikuwa ileile Testastretta ya cc 998 ambayo ilishajithibitisha. Mkono wa nyuma ukawa wa pande mbili.

Hapo inafaa kueleza kitu. Mkono mmoja ulishamiri kwenye mbio ndefu za saa nyingi, ambako timu hubadilisha gurudumu haraka na kila sekunde ni pesa. Kwenye mbio fupi hakuna muda wa kubadilisha tairi, kwa hiyo faida hiyo inayeyuka. Halafu mkono mmoja ukitaka uwe imara sawa na ule wa pande mbili, lazima uongeze chuma, na chuma ni uzito. Kwa hesabu ya fundi, Terblanche alikuwa sahihi.

Tatizo ni kwamba watu hawakuleta hesabu. Walileta macho.

Taa za mbele zilipangwa moja juu ya nyingine badala ya kulala pembeni kwa pembeni. Mabomba mawili yaliyopendwa yakageuka kuwa boksi moja kubwa chini ya siti. Mkono mmoja ndio huo umeondoka. Vitu vitatu ambavyo kila mtu alivitambua kama Ducati vikawa vimefutwa kwa mpigo. Malalamiko yakamiminika kwenye magazeti ya pikipiki, kwenye vijiwe vya waendeshaji na kwenye mitandao ya wakati ule. Wengine waliochangia kwa ukali kabisa hawakuwahi hata kuiwasha. Mauzo hayakufika pale kampuni ilipotarajia.

Cheki kilichokuwa kinaendelea uwanjani sasa. Mwaka 2003, msimu wake wa kwanza, Neil Hodgson wa Uingereza akabeba ubingwa wa dunia wa Superbike juu ya 999. Mwaka 2004 James Toseland, Mwingereza mwingine, akabeba tena. 2005 taji likaenda kwa Corser akiwa na Suzuki, kisha 2006 Bayliss akalirudisha nyumbani kwa 999 ileile. Misimu 4, mataji 3. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hii ilikuwa chema, na bado ilibidi itembezwe.

Ducati hawakukaa kimya. Mwaka 2005 waliifanyia marekebisho: kava la mbele likachorwa upya na injini ikaongezwa nguvu. Haikusaidia sana. Mtu akishaamua kwamba kitu ni kibaya, ukikipaka rangi mpya atakuambia sasa ni kibaya chenye rangi mpya.

Novemba 2006, Milano tena, kampuni ikasalimu amri. Ikatoka 1098 ya nguvu za farasi 160. Taa zimelala pembeni kwa pembeni. Mabomba mawili chini ya siti. Mkono mmoja nyuma. Kila kilichodaiwa na waendeshaji kilirudishwa, na wateja wakafunguka pochi. Mwaka uliofuata Terblanche aliondoka Ducati.

Rahisi kumaliza hapo kwa kusema watu ni wajinga na mbunifu alionewa. Ila historia haiko upande mmoja hivyo. Bayliss alichukua ubingwa wa 2008 kwa pikipiki ya familia ya 1098, na Carlos Checa wa Hispania akachukua wa 2011 kwa mdogo wake, 1198. Zote zina mkono mmoja. Maana yake waendeshaji waliodai uzuri wao hawakuiua kasi. Waliomba pikipiki inayopendeza na inayoshinda, wakapewa vyote viwili. Pia, mnunuzi wa kawaida hashindani na Bayliss. Anatoa akiba ya miaka kununua kitu atakachokiangalia kila asubuhi kabla ya kukiwasha. Kumwambia moyo wake hauhesabiki ni kutomjua mteja.

Kosa la waponda-999 lilikuwa kwingine. Hawakutenganisha "siipendi" na "ni mbovu". Ya kwanza ni haki ya kila mtu. Ya pili inahitaji ushahidi, na ushahidi wote wa uwanjani ulikuwa unawapinga. Waliyachanganya mawili hayo, na pikipiki nzuri ikabeba jina baya kwa miaka. Leo upepo umegeuka. Matoleo ya 999R yanatafutwa na wakusanyaji, na waliokuwa wanaikandia ujanani wanaipiga picha wakiikuta barabarani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. 999 ilikuwa kinyume chake.

Ndio maana mjadala wa Panigale V4 mpya una ladha ya kitu kilichowahi kuonjwa. Safari hii Ducati walikuja na maelezo mapema: tairi za kisasa zinashika lami sana, na mkono unaotakiwa ni ule unaokubali kunyumbuka kidogo kwa pembeni pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Mkono mpya una ugumu wa pembeni pungufu kwa asilimia 37 na umepunguza uzito pia. Ila mbele na ubavuni wameacha mistari inayomkumbusha mtu 916, kana kwamba wanasema tumewasikia, macho yenu tumeyapa chake. Kwa kampuni iliyoungua 2003, hiyo ni akili.

Haya wadau, tuambizane ukweli: ingekuwa 2003 na pesa unayo mfukoni, ungechukua 999 ya ubingwa au 998 ya zamani yenye sura ya kuua? Dondosha jibu lako hapo chini, ila sema kama unaongelea macho au unaongelea kona.