Majibu ya Beta: Kutoka Barua ya Daktari Hadi Simu ya Mkononi

Kipimo cha mimba cha maabara kilianzia Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walipodunga panya wachanga mkojo wa mwanamke, kisha wakawapasua kutazama ovari zao. Majibu hayakwenda kwa mwenye mkojo. Maabara iliyofunguliwa Edinburgh mwaka 1929 ilipokea chupa za madaktari kwa posta, na majibu yakarudi kwa madaktari hao hao. Mwanamke alikuwa wa mwisho kusikia habari za tumbo lake mwenyewe. Baadaye akaja chura wa Afrika Kusini, ambaye hutaga mayai saa chache baada ya kudungwa mkojo wa mjamzito, wala hana haja ya kuuawa. Mnyama alibadilika, desturi ikabaki.

Mwaka 1972 Judith Vaitukaitis na wenzake, huko Bethesda, Marekani, walitangaza kipimo cha damu kinachotambua sehemu ya beta ya hCG, homoni ya mimba, bila kuichanganya na homoni inayofanana nayo. Ndiyo maana wagonjwa wa kliniki za uzazi wa huko husema tu wanasubiri "beta".

Lesley Brown, aliyepandikizwa kiinitete Oldham, Uingereza, mnamo Novemba 1977, alipata habari kwa barua. Robert Edwards, mwanasayansi wa timu iliyomtibu, alimwandikia mwezi uliofuata kwamba vipimo vya damu na mkojo vinatia moyo, kwamba huenda ana mimba, na kwamba atulie: asipande milima, asicheze kwenye theluji, asijichoshe hata kwa manunuzi ya Krismasi. Neno "huenda" lilikuwa mahali pake. Binti yake, Louise, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978.

Kliniki za uzazi zilipoongezeka, simu ya muuguzi ilichukua nafasi ya barua: damu asubuhi, simu mchana. Muuguzi hakusoma tarakimu tu, aliifafanua. Chini ya miliuniti 5 kwa mililita huhesabiwa hakuna mimba. Juu ya 25 kwa kawaida ipo. Katikati hapo hata daktari husubiri. Kupima mapema mno pia hudanganya, kwa kuwa sindano ya kukomaza mayai mara nyingi ni hCG yenyewe na hukawia kwenye damu.

Huko Marekani sheria nazo zilisogea. Mwaka 2014 serikali iliruhusu maabara kumpa mgonjwa majibu yake moja kwa moja, na tangu Aprili 2021 kanuni dhidi ya kuzuia taarifa za afya zimefanya majibu yaingie kwenye simu yake mara yanapokamilika, pengine kabla daktari hajayaona. Haki hiyo ilichelewa mno. Hata hivyo, tarakimu ya kwanza haitoshi: damu hupimwa tena baada ya saa 48 hivi, na katika mimba inayokua vizuri kiwango cha mwanzo mara nyingi huwa kimekaribia maradufu.