Hofu na imani (Ukristo wa mwambao wa Kigoma)

Hofu na imani ni mada ya mafundisho ya Kikristo kuhusu namna muumini anavyokabili kinachomtisha: kifo, ugonjwa, uchawi, njaa au maji. Hapa inatazamwa kutoka Katubuka, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji ulipo uwanja wa ndege wa Kigoma. Huku, karibu na Ziwa Tanganyika, mhubiri hana haja ya kumweleza mtu dhoruba ni nini.

Kiswahili kimetenganisha mambo mawili ambayo lugha nyingine huyafunika kwa neno moja. Kuna kuogopa na kuna kucha. Mwoga hukimbia, mcha Mungu husogea karibu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, maana taa huvuta samaki kukiwa giza tupu; mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika. Kazi yao inaangukia saa zilezile ambazo watu wengine hufunga milango, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Ndiyo maana Marko 4, simulizi la Yesu kutuliza dhoruba, husomwa kwa sikio jingine mwambaoni. Baadhi ya waliokuwa chomboni na Yesu walikuwa wavuvi, watu wenye kuyajua maji, nao wakaogopa. Wahubiri wengi huishia pale ziwa linapotulia. Wanaacha kiini: baada ya shwari wanafunzi wakashikwa na hofu kubwa zaidi, safari hii mbele ya yule aliyeutuliza upepo. Imani haikuwaondolea hofu, bali iliihamisha.

Kabla ya Ukristo, hofu ya ziwa ilikuwa na anwani. Verney Lovett Cameron, aliyepita mwambao huu mwaka 1874 akitokea Ujiji, aliandika kuhusu sadaka ambazo waelekezi wake walizitoa majini kwenye rasi ya Kabogo, iliyosemwa kuwa makao ya mzimu na mkewe. Miaka minne baadaye London Missionary Society ilifika Ujiji. Mchungaji Thomson alikufa wiki chache tu baada ya kuwasili. Mwenzake Edward Hore, baharia kwa kazi, akabaki, akalipima ziwa na kulichora, na mwaka 1885 misheni yake ikashusha majini meli iliyoitwa Good News, yaani Habari Njema. Kwa Hore, sala na kamba ya kupimia kina havikugombana.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Adriano Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika (White Fathers), akasomea udaktari Malta, kisha akafika Karema, kusini zaidi kwenye mwambao huuhuu, mwishoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa katekista na tabibu kwa pamoja, akitumia dawa za Ulaya na miti ya wenyeji, hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kupokonywa kila kitu alitumia zaidi ya miaka 60 kuwatuliza wengine.

Hofu inayozungumzwa zaidi siku hizi si ya maji bali ya uchawi. Wapentekoste huijibu kwa mikesha, kufunga na maombezi. Wakatoliki kwa sakramenti, maji ya baraka na sala za jumuiya ndogondogo. Jirani Mwislamu, na Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu zamani, ana dua yake. Lakini ibada inayomtaja mchawi mpya kila juma haitibu hofu. Inailisha, na muumini hurudi nyumbani akimtazama shangazi yake kwa jicho la pembeni.

Kosa la upande wa pili ni kudharau hatari. Petro alipotembea juu ya maji alikuwa ameitwa. Wenzake 11 walibaki chomboni, na hakuna aliyewalaumu. Anayemwambia mvuvi kwamba jaketi la kuokolea ni dalili ya imani haba anafundisha kisichomo katika Injili.