Navigeta wa nishani mbili

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa si mbali sana, maana bwana ninayemzungumzia ndiye aliyekuwa kompyuta ya ndege.

Ulric Cross alizaliwa Trinidad mwaka 1917, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, RAF, mwaka 1941. Akawa navigeta, yaani mtu wa kujua ndege iko wapi na ielekee wapi. Aliruka safari 80 za vita juu ya Ulaya. Mwaka 1944 alitunukiwa nishani mbili za ushujaa, DFC kwanza, halafu DSO.

Sasa utauliza, ushujaa gani wa mtu aliyeketi na penseli? Chukua mfano wa huku kwetu. Homa Bay hadi Migori, ukinyoosha mstari, ni kama kilomita 60 kuelekea kusini. Ndege aina ya Mosquito ikienda kilomita 480 kwa saa inamaliza kilomita 8 kila dakika, kwa hiyo Migori ni dakika saba na nusu tu. Tia upepo wa kilomita 60 kwa saa kutoka upande wa ziwa. Usipouhesabu, dakika zikiisha utajikuta kilomita 7.5 mashariki ya mji, huko mashambani! Berlin ilikuwa kama saa mbili, usiku, taa zote za chini zimezimwa, mizinga inakutafuta.

Mitambo ilikuwepo. Gee ilipima tofauti ya muda kati ya mawimbi ya redio kutoka vituo vya ardhini. Tofauti mbili zinakupa mistari miwili ya ramani, na inapokatana ndipo ulipo. GPS ya simu yako nayo inaishi kwa kupima muda wa mawimbi. Lakini Wajerumani waliivuruga Gee, na ukienda mbali mawimbi yalikuwa hayafiki. Hapo unabaki na dira, saa na hesabu zako. Kikosi cha Cross, namba 139, kilikuwa cha watangulizi, ambao kazi yao ilikuwa pia kuangusha alama za moto ili ndege za nyuma zilenge. Mtangulizi akikosea, wanaomfuata wanakosea naye. Na huko chini kulikuwa na raia, tusijifanye hatujui.

Kuna jambo lingine. DSO ilikuwa ya maofisa, na DFC ya maofisa na warrant officer. Wa cheo cha chini ya hapo akifanya ushujaa ule ule angani alipewa DFM, na ubaguzi huo wa vyeo ulifutwa 1993 tu. Watu weusi nao walifunguliwa mlango wa uofisa wa RAF Oktoba 1939, vita vilipokwisha kuanza. Kijana wa Karungu au Kendu Bay aliyepelekwa Burma na KAR hakuwa ofisa, kwa hiyo hata angefanya nini, DSO haikuwa yake. Ukiitafuta orodha ya nishani usikute jina la huku, usiseme hawakuwa mashujaa. Fomu yenyewe ilikuwa imeshachuja.

Baada ya vita Cross alifanya kazi ya sheria Ghana na Cameroon, na mwaka 1967 akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, hadi 1971. Alifariki Oktoba 2013, akiwa na miaka 96.